Kaka zangu wanaijuaje studio kwa biti tu?

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka zangu wakisikia wimbo wa miaka ya 2000 wanaanza kubishana: huu umepikwa kwa P-Funk, huu kwa Master J, na mwimbaji bado hajafungua mdomo. Kwangu biti za sasa zote zinafanana. Wenzangu wanajuaje? – Msomaji, Tandika, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Kaka zako hawajisifu bure, ingawa nadhani na wao hubahatisha mara mojamoja.

Enzi zetu ubishi huo usingekuwepo. Bendi karibu zote za Dar zilirekodi Redio Tanzania, Barabara ya Pugu: mnapiga wote kwa pamoja, na mashairi yamekwisha kupitiwa na kamati. Redio binafsi ziliporuhusiwa, Radio One ikaingia hewani 1994, vijana wakapata pa kupeleka kaseti zao. Ndipo zikavuma studio za Mawingu, MJ Records ya Master J, Bongo Records ya P-Funk Majani. Kila moja na prodyuza wake, kinanda chake na, hili watu hulisahau, chumba chake.

Mimi nilikuwa mvuta nyaya kwenye studio moja ya uani, Magomeni. Kuta tulizibandika trei za mayai. Zile zinapunguza mwangwi wa sauti nyembamba tu. Besi haina habari nazo, na honi ya daladala inapita kama kawaida. Katika chumba kidogo besi hujazana kwenye pembe. Prodyuza akidhani imezidi anaipunguza, wimbo ukifika mtaani umekonda. Kwa hiyo tukimaliza miksi, yaani kupatanisha sauti na ala, tulimpa kaseti dereva wa daladala, tukakaa siti ya nyuma jirani na spika, halafu tukarudi kurekebisha. Wakati wa kuingiza sauti feni inazimwa, maana maiki inainasa; msanii anatoka kaloa chapachapa.

Kila chumba kilikuwa na ugonjwa wake, kila prodyuza na dawa yake. Hicho ndicho kaka zako wanachokitambua.

Leo programu ya kompyuta ni ileile, milio ya ngoma ni ileile iliyoshushwa intaneti, na wengi wanamiksi kwa hedifoni. Chumba hakina usemi tena.

Ukienda kurekodi, achana na habari za kompyuta. Omba usikilizishwe nyimbo za wasanii watatu waliopita pale, tena kwenye spika ya bajaji.