Usimwogeshe mbwa mwenye mafundo

Msomaji ameniuliza kwa nini Maltese wake (mbwa mdogo wa manyoya marefu meupe) wa miezi kumi anazidi kusokotana manyoya ilhali anamwogesha kila Jumamosi. Jibu limo humo humo kwenye swali. Fundo likilowa kisha likakauka, hukaza zaidi, na shampuu iliyobaki ndani huwasha ngozi. Chana kwanza, ndipo uogeshe. Taulo likandamize manyoya, lisiyasugue, na uchane tena huku yakikauka.

Umri nao umo. Kati ya miezi 8 na 12 hivi, manyoya ya kitoto huyapisha ya utu uzima, na yaliyokufa hayadondoki sakafuni, hunaswa na yaliyo hai. Kipindi hicho chana kila siku.

Wengi huchana juujuu: mgongo unang'aa, kumbe chini kwenye ngozi kuna blanketi. Mlaze ubavu, tenga manyoya kwa mstari mpaka ngozi ionekane, uchane mstari huo kwa brashi ya visindano, kisha usogee sentimita moja au mbili. Maliza kwa kitana cha chuma, kutoka ngozini hadi nchani. Kikikwama, hujamaliza. Mafundo hupenda nyuma ya masikio, makwapani, kwenye kinena, katikati ya vidole na chini ya kola. Akiwa ndani, mvue kola.

Fundo dogo libane kwa vidole karibu na ngozi, ili uvutaji usimuumize. Paka kondishena iliyozimuliwa kwa maji, au konfulawa kidogo kama manyoya ni makavu. Lipasue kwa vidole, halafu chana kuanzia nchani ukirudi ngozini kidogo kidogo. Dakika kumi zatosha. Akianza kulia, acha mpaka kesho.

Mkasi weka mbali kabisa. Fundo huivuta ngozi ikaingia ndani yake, nayo ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yako; ukikata usichokiona, utalipia nyuzi za kumshona. Tumia mashine ya kunyolea yenye wembe namba 10, unaoacha kama milimita 1.5. Ulaze bapa, upite kati ya fundo na ngozi. Wembe hupata moto, kwa hiyo uguse kwa mkono wako kila dakika chache.

Pale ambapo kitana hakipenyi popote, hilo si fundo tena, ni jamvi, na jamvi halichanwi. Kumtesa kwa muda wa saa tatu ili abaki mzuri wa kupigwa picha ni ukatili. Mnyoe, yataota. Masikio yakishatuliwa mzigo huo, mzuie asiyatikise sana, maana huweza kuvimba yakajaa damu. Ukikuta usaha au funza, acha hapo hapo, umpeleke kwa daktari wa mifugo.

German Shepherd usimnyoe mwili mzima, maana manyoya yake ya tabaka mbili huweza yasirudi sawasawa. Ondoa tu mafundo yaliyo nyuma ya mapaja.