Mwenzi Wako Amepunguzwa Kazini na Zamu ya Kutafuta Ajira Imekuangukia: Ushauri kwa Wanaoanza

Nawaandikia ninyi ambao mume au mke amerudi nyumbani na barua ya kusitishiwa ajira, na sasa mnajiandaa kuingia katika soko la ajira, iwe hamjawahi kuajiriwa kabisa, iwe mliacha kazi miaka ya nyuma ili kulea watoto. Mimi niliyapitia haya mkoani Njombe, Tanzania, mwaka 2025. Januari ya mwaka huo serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na mkoani kwetu, ambako miradi ya VVU ilikuwa imeajiri watu wa kila kada, kuanzia wauguzi na washauri nasaha hadi madereva na watunza takwimu, barua za kusitisha kazi zilifika katika nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Mume wangu alikuwa mtunza takwimu. Mimi nina shahada ya uhasibu, lakini nilikuwa nyumbani tangu alipozaliwa mtoto wetu wa pili. Leo ni mhasibu wa shule ya sekondari ya binafsi, na jambo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote ni hili: kabla ya kuuliza ni kazi gani inapatikana, ulizeni ile kazi iliyokwisha imeondoka na nini, kwa sababu kazi mtakayoitafuta inapaswa kuziba pengo hilo hasa.

Watu wengi huhesabu mshahara peke yake. Kaeni wawili mezani, mchukue karatasi, muandike kila kitu ambacho ajira ile ilikuwa inakibeba. Kwetu sisi mshahara ulikuwa kitu cha kwanza, lakini kitu cha pili, ambacho kilituumiza mapema zaidi, kilikuwa kadi ya bima ya afya, kwa kuwa mtoto wetu mkubwa ana pumu na dawa zake za kuvuta hazikosi kununuliwa. Cha tatu kilikuwa mkopo wa benki uliotegemea makato ya mshahara. Cha nne kilikuwa usafiri wa kazini, ambao mume wangu aliutumia pia kuwafikisha watoto shuleni asubuhi. Tulipomaliza orodha hiyo ilidhihirika kwamba kazi yenye mshahara mdogo kidogo lakini yenye bima ya familia ingetufaa kuliko kazi yenye mshahara mkubwa isiyo na bima, na kuanzia hapo niliacha kupoteza muda kwa matangazo ambayo yangenivutia endapo ningetazama kiasi cha fedha tu. Kwa kipindi cha katikati tulijiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo wakati ule kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Haikuwa na upana wa bima ya zamani, lakini kituo cha afya kilitupokea. Kuhusu mkopo, nendeni benki mapema, kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, mkaulize mambo mawili: kama mkopo una bima inayogusa upotevu wa ajira, na kama muda wa marejesho unaweza kupangwa upya. Afisa wa mikopo humsikiliza kwa namna tofauti mteja aliyekuja mwenyewe na barua yake mkononi kuliko yule aliyetafutwa kwa simu.

Sasa naomba tuhesabu muda, maana hapa ndipo familia nyingi hujidanganya. Mtu akisikia neno kiinua mgongo hudhani ni fedha ya kukaa nayo mwaka mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyepunguzwa mshahara wa msingi wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, na hesabu hiyo inaishia miaka 10. Maana yake ni kwamba aliyetumikia miaka sita anapata malipo ya siku 42, na hata aliyetumikia miaka ishirini hapati kwa mujibu wa sheria zaidi ya siku 70, isipokuwa mkataba wake au mwajiri wake awe mkarimu zaidi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, ongezeni notisi ya siku 28 au malipo badala yake, na malipo ya likizo ambayo hajaichukua. Kwa wale waliokuwa na mikataba ya muda maalumu, angalieni kwa makini kama mkataba ulikatishwa kabla ya wakati au uliachwa ukaisha wenyewe, kwa kuwa mkataba uliofika mwisho wake hauleti kiinua mgongo cha kisheria.

Kisha kuna fao la kukosa ajira la NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambalo wengi hawalijui kabisa. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake na hajafikisha miaka 55, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita. Aliyekuwa akilipwa shilingi 1,200,000 atapokea karibu shilingi 400,000 kwa mwezi. Ni msaada wa kweli, nami nawasihi mlifuatilie, lakini ukiujumlisha na kiinua mgongo utaona kwamba kaya ya kawaida ina miezi michache tu ya kupumua. Kwa hiyo anza kutafuta kazi wiki ile ile barua inapofika, wakati fedha bado ipo, kwa sababu mtu anayetafuta kazi huku kabati lina unga huweza kukataa mkataba mbaya, ilhali yule aliyesubiri mpaka akiba ikaisha hupokea chochote anachopewa.

Gawaneni kazi hii. Aliyepunguzwa ashughulikie madai yake: barua ya kusitisha ajira yenye sababu iliyoandikwa, cheti cha utumishi ambacho mwajiri analazimika kukitoa, michango ya NSSF kuhakikiwa mwezi kwa mwezi, na kama upunguzaji haukufuata taratibu za kutoa taarifa na kushauriana na wafanyakazi, shauri lifunguliwe katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira kusitishwa. Siku hizo hupita upesi sana wakati mtu yuko katika majonzi, na nimewaona majirani zangu wenye madai ya haki kabisa wakilazimika kuanza kwa kuomba ruhusa ya kuchelewa. Wewe unayetafuta kazi usijitwishe mzigo huo. Kwa upande mwingine, usimwache mwenzi wako nje ya utafutaji wako, bali mpe barua zako azisome, azihariri na akuulize maswali ya usaili jioni, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoka katika ofisi juzi, na kutumia ujuzi wake kunamrudishia heshima ambayo barua ile ilimnyang'anya.

Nalisema hili la heshima kwa uzito, maana katika mazingira yetu mke akitoka asubuhi kwenda kazini na mume akabaki nyumbani, maneno husemwa, na mara nyingi husemwa na ndugu wa karibu. Kubalianeni mapema nani atawapeleka watoto shuleni, nani atakuwepo mtoto akiugua, nani atapika siku za wiki, na muwaambie wazee wa pande zote mbili kwa sauti moja kwamba huo ndio uamuzi wenu. Mume wangu alichukua jukumu la watoto lote, na kwa sababu hiyo hatukuhitaji kumwajiri dada wa kazi. Nafuu hiyo iliingia katika hesabu zetu kama fedha nyingine yoyote.

Kuhusu mahali pa kutafuta, chunguzeni mkoa mlipo kabla ya kufikiria Dar es Salaam. Njombe, miradi ilipofunga, kazi zilizobaki zilikuwa katika parachichi, mbao, chai, shule na taasisi za dini. Katika maeneo hayo nafasi nyingi hazitangazwi popote, bali mtu huulizwa kama anamjua mhasibu mwaminifu, naye hutaja jina. Kwa hiyo waambieni watu, tena kwa ukamilifu. Kusema "natafuta kazi yoyote" hakumsaidii msikilizaji kukukumbuka, lakini kusema "nina shahada ya uhasibu, naweza kuandaa hesabu za mwezi na kuwasilisha ritani za kodi, niko tayari kuanza mara moja" kunampa maneno ya kukuombea nafasi. Mimi nilikuwa mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ya mtaani kwetu, na nafasi ya shule niliipata kwa sababu mwanakikundi mmoja, ambaye alikuwa ameona jinsi ninavyofunga hesabu za mgao, alilitaja jina langu kwa mjumbe wa bodi.

Kwa ajira za serikali, jisajilini katika Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira, bila kusubiri tangazo, kwa maana usajili una mambo mengi madogo yanayochukua muda: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kitaaluma, wadhamini watatu. Someni masharti neno kwa neno. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huweka kikomo cha umri wa miaka 45 na hayapokei hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita badala ya vyeti vyenyewe. Kama cheti chako kilibaki shuleni au kimepotea, hilo ndilo jambo la kulishughulikia leo.

Miaka ya kukaa nyumbani huwatia hofu watafuta kazi wengi, hasa wanawake, nao hujaribu kuificha kwa kuvuta tarehe za kazi ya zamani. Msifanye hivyo, kwa sababu mwajiri wa zamani atapigiwa simu. Iandikeni miaka hiyo kwa kazi mliyoifanya kweli, kama uweka hazina wa kikundi, uwakala wa fedha kwa simu, biashara ya nafaka au usimamizi wa ujenzi wa nyumba, mkitaja mlichokishughulikia na kiasi cha fedha kilichopita mikononi mwenu. Jambo la pili ni kwamba barua ya maombi isitaje kupunguzwa kwa mwenzi wako. Msomaji wa barua atakuonea huruma, kisha atajiuliza kama utaondoka siku mume akipata kazi. Kuomba kazi kwa huruma kunakupunguzia pia nguvu ya kujadili mshahara.

Swali hilo hata hivyo linaweza kuulizwa ana kwa ana, na mimi niliulizwa. Katika usaili wangu niliwekewa mezani boksi la risiti za mwezi mmoja, nyingine za EFD, yaani mashine za kodi za kielektroniki, nyingine vikaratasi vya wauza kuni na mboga vilivyoandikwa kwa mkono, pamoja na daftari la fedha na taarifa ya benki, nikaambiwa nieleze kwa nini salio la daftari haliwiani na la benki. Niliitafuta tofauti mstari kwa mstari mpaka nikaipata: mzazi mmoja alikuwa amelipa ada benki bila kuandika jina la mwanafunzi, na fedha hiyo haikuwa imeingizwa katika daftari. Niliwaonyesha pia ni matumizi gani yasiyo na risiti ya EFD ambayo yanaweza kukataliwa wakati wa ukaguzi wa kodi. Ndipo mjumbe mmoja akauliza, "Mume wako akipata kazi mkoa mwingine, si utatuacha katikati ya mwaka?" Nilijibu kwamba tulikwisha kubaliana nyumbani kuwa watoto hawatahamishwa shule, na kwamba mkataba nitakaousaini nitauheshimu mimi mwenyewe. Jibu hilo lilikuwa la kweli kwa sababu tulikuwa tumelizungumza kabla. Lizungumzeni ninyi pia kabla ya kufika mbele ya jopo.

Mkipewa kiasi cha mshahara, msikihesabu kama kilivyotajwa. Chukueni mfano wa shilingi 700,000. Mchango wa NSSF wa asilimia 10 ni 70,000. Kodi ya mshahara hukokotolewa kwenye 630,000 zinazobaki, na kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021 inakuwa 42,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa elimu ya juu na hukumaliza kuulipa, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 105,000, na makato hayo huanza mara mwajiri anapokutambulisha. Mkononi zinabaki 483,000, kabla ya nauli na chakula cha mchana. Nimewaona watu wakipanga ada na kodi ya nyumba kwa kutegemea ile 700,000, wakaingia kwenye madeni mapya ndani ya miezi ya mwanzo ya ajira.

Anayewataka mtume fedha kwa simu ili mpate fomu, sare, vipimo vya afya au nafasi ya usaili ni tapeli. Msijadiliane naye.

Mkiipata kazi, kumbukeni kwamba ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumgusi mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo mwenzi aliyepunguzwa akipata nafasi mkoa mwingine ndani ya kipindi hicho, msihame wote kwa pamoja na msivunje mpango wa nyumbani kwa haraka. Mmoja atangulie, aone kama mkataba wake mpya unashika na kama bima ya huko inaipokea familia nzima, huku mwingine akiendelea na kazi yake mpaka kadi ya bima ya watoto iwe imetolewa upande mmoja au mwingine.