Lala kifudifudi kwenye gati utazame ubavuni

Watu wakiniuliza waanzie wapi kuwajua wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo huwa wanategemea niwaambie mambo ya matumbawe na kuzamia na mitungi. Mimi nawaambia nendeni bandarini, tafuteni gati linaloelea, lile la kufungia boti ndogo ndogo, lala kifudifudi utazame ubavu wake chini ya maji. Basi. Sijapata sehemu nyingine inayokupa wanyama wengi namna ile karibu na uso wako bila hata kulowa.

Nasema linaloelea kwa sababu linapanda na kushuka pamoja na maji, kwa hiyo waliojishikiza ubavuni wamo majini muda wote na wewe unawafikia saa yoyote. Nguzo zilizosimama ni habari nyingine, hizo zifuate maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, utaona wamejipanga kwa mistari: juu banakoli, wale wenye vijumba vyeupe vigumu vinavyokata miguu, chini yao kome na chaza, halafu kule kusikokauka ndio unakuta sifongo, anemoni wanaofanana na maua, na asidia, wale vifuko laini nitakaowaeleza baadaye. Anayestahimili ukavu anakaa juu, asiyeweza anabaki chini.

Watu wengi wanadhani banakoli ni jamaa wa konokono kwa vile ana gamba, hapana, huyo ni ndugu wa kaa na uduvi. Akiwa mtoto anaogelea, akipata pahala pa kumfaa anajigandisha kwa kichwa na kujizungushia ukuta, na kuanzia hapo anakula kwa kutoa miguu nje na kuipunga majini ikusanye chakula. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa viumbe, alikaa akiwachunguza kama miaka minane, 1846 mpaka 1854, na ukishawaangalia kwa lenzi wakipunga hiyo miguu unaelewa kabisa kwa nini hakuwaacha.

Sasa kikubwa ninachotaka ukishike ni kutulia. Kivuli chako kikipita tu minyoo wa mirija wanajivuta ndani wote kwa mpigo, unabaki unatazama vibomba vyeupe vitupu na unaona kama hapana kitu, na hapo ndipo watu wengi wanainuka wanaondoka, jamani usiondoke! Kaa jua lisikutupie kivuli majini, usitikisike, subiri, watatoka mmoja mmoja wakifungua manyoya yao ya rangi. Ukizoea macho utaanza kuona na wale uduvi wembamba kama vijiti wanaoinama na kuinuka juu ya mwani, mwanzoni utadhani ni uchafu.

Asidia ndio niwapendao kuliko wote. Kwa nje ni kifuko laini chenye matundu mawili, maji yanaingia kwa moja yanachujwa yanatoka kwa lingine, ukimgusa anajikunja na kurusha maji. Wengine wanaishi kwa kundi, wamejipanga kama vinyota vidogo kwenye utando mmoja wa rangi ya chungwa au zambarau, yaani uzuri wake siwezi kuuelezea. Lakini mtoto wake ana mkia na ufito laini mgongoni, ule ule ambao sisi wenye uti wa mgongo tunaanza nao tumboni mwa mama, akishajishika kwenye gati anaupoteza. Kwa ukoo yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na banakoli aliye pembeni yake.

Vifaa sio vingi: lenzi, tochi, beseni jeupe. Kama kuna kamba imeachwa ikining'inia majini muda mrefu omba ruhusa, ivute taratibu, ilaze kwenye beseni lenye maji ya hapo hapo, tazama, piga picha, irudishe mapema kabla maji hayajapata joto. Usilale kamwe kati ya boti na gati, boti ikisogea inakubana, na vaa jaketi la kuokolea hata kama unajua kuogelea. Usikwangue chochote kwenye boti za watu, rangi za chini ya boti mara nyingi zina sumu ya shaba. Gati la mbao lenye vitundu vidogo likanyage kwa tahadhari, ndani yake huenda kuna teredo, jamaa wa chaza anayetoboa mbao, ndiye aliyeharibu mbao za kingo za bahari Uholanzi miaka ya 1730.

Na ukikuta mnyama usiyemzoea ametapakaa kila mahali, mpige picha na kitu cha kuonyesha ukubwa wake uwapelekee watu wa uvuvi au mazingira ya bahari. Mwaka 1999 katika mji wa Darwin, Australia, kome mgeni aligunduliwa kwenye bandari za boti akiwa ameshaenea, ikabidi maji yafungiwe na kutiwa klorini na salfeti ya shaba, na wakafanikiwa kummaliza kwa sababu aliwahiwa. Usimbandue mwenyewe ukamtupa majini, maana asidia wengine wa makundi kipande kikikatika kinaweza kushika mahali na kukua upya. Kamba nayo ikitoka bandari moja ianike ikauke mpaka ndani kabisa kabla hujaifunga bandari nyingine, kome wachanga wanajificha katikati ya nyuzi ambako macho hayafiki.