Wadogo zangu mnaopanda msitu wa Rondo, Lindi, sauti ziko wapi?

Juzi nimepitia fomu za kuandikia wanyama wa usiku za wanafunzi wapya wa mafunzo kwa vitendo. Mstari baada ya mstari: "komba wa Rondo", "komba wa Rondo", "komba wa Rondo". Nikaomba rekodi za sauti za hao komba. Wakatazamana. Haya basi, kabla hamjarudi kwenye transekti, ile mistari ya kutembea mkihesabu:

1. Vaeni mikono mirefu. Upupu haujali una digrii au huna.

2. Kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko, simama upande wa juu ndipo upime.

3. Komba. Hapa nitakawia, maana mwaka wangu wa kwanza nilifanya madudu haya haya. Nikimulika, macho yakang'aa, naandika komba wa Rondo. Jina lilinilevya: mnyama aliyetambuliwa na sayansi miaka ya 1990, gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku, tena yuko hatarini kutoweka. Mzee wa Kimwera aliyetuongoza alinionya, "Mjukuu wangu, huyu wa juu siye yule wa chini." Nikaitikia "ndiyo babu" kwa adabu zote, nikaendelea kuandika.

Babu alijua. Komba wa Grant yumo msitu huo huo, naye hupenda matawi ya juu. Wa Rondo hutafuta wadudu chini, akiruka kutoka shina hadi shina. Lakini kwa macho mawili gizani usiape. Kinachowatenganisha ni mlio: wa Rondo hurudiarudia vipande viwili viwili, wa Grant huongeza vipande kadiri anavyoendelea kuita.

Msimamizi alizisoma fomu zangu za msimu mzima, kisha akauliza neno moja tu: "Sauti?" Kinasa sauti kilikuwa kwenye begi. Betri zake zilikuwa kwenye redio ya kambi, na aliyezihamisha ni mimi, kwa sababu Simba na Yanga walikuwa wanacheza. Akachukua kalamu mbele yangu, akakata kila "wa Rondo" na kubakiza "komba". Karatasi baada ya karatasi, bila kugomba. Bora angegomba.

4. Rondo si Litipo. Msitu wa Litipo uko chini, jirani na ziwa Rutamba. Rondo inakaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Lukuledi linaitenga na uwanda wa Makonde. Misitu yetu ya Lindi ni vipande vipande katikati ya miombo na mashamba, na kila kipande kina wenyewe. Chukua ndege zuwakulu wa kijani: spishi ndogo iliyopo Rondo, wenzake wa spishi ndogo hiyo uwafuate hadi msitu wa Ngoye, Afrika Kusini! Sasa kuna mtu kati yenu amenakili orodha ya ndege ya Litipo akabadilisha kichwa cha habari tu. Jamani. Hata kosa la tahajia amelihamisha.

5. Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kibali kwanza, halafu salamu kwa serikali ya kijiji, ndipo buti.

6. Tochi iwe na mwanga mwekundu.

Na wewe wa Litipo, orodha mpya naitaka Ijumaa, pamoja na daftari lako la porini. Nitaangalia kama lina matope.