Kopo la unga wa protini bila mazoezi ni pesa za kutupa

Juzi dada mmoja wa Malindi ameniandikia: mamake ana miaka 68, akitaka kuinuka kwenye msala magoti yanamtetemeka, je, amnunulie unga gani wa protini?

Dada, weka pesa zako kwanza. Unga peke yake haumwinui mtu. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa Boston, Marekani, kwa wazee dhaifu 100 wa makao ya wazee, wastani wa umri wao miaka 87. Baada ya wiki 10, waliofanya mazoezi ya uzito nguvu za misuli yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Waliokunywa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu ya maana.

Mimi nayajua haya kwa mwili wangu. Nyumba yetu ya Mkomani, hapa Lamu, ina ngazi za mawe, nyembamba na zenye mwinuko mkali, na nilipostaafu ualimu nikawa sizipandi bila kushika ukuta. Mkwe wangu akaniambia mbele ya wageni: "Ma, umri ushakwenda. Shusha kitanda chini, wacha ngazi." Neno lile lilinichoma, na mpaka leo linanichoma. Lamu hii hatuna gari la kutufikisha mlangoni. Asiyeweza kuinua mguu kutoka kwenye boti hadi jetini amefungwa nyumbani.

Nikaanza na kiti. Mikono kifuani, nainuka, kisha nashuka polepole mpaka niguse kiti bila kujibwaga. Kule kushuka ndiko kunakochoma mapaja. Halafu madumu mawili ya lita tano yaliyojaa maji, moja kila mkono, napanda na kushuka ngazi. Leo naenda Shela kwa miguu na boti napanda bila kushikwa mkono. Mkwe ananiona.

Chakula nacho kina haki yake. Mzee anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na chai na mahamri ya asubuhi haviifikishi. Ongeza yai, mbaazi, kipande cha jodari, na usingoje chakula cha usiku. Kama mzee hawezi kula vya kutosha, hapo unga una kazi. Mimi naongeza kreatini, unga wa kusaidia misuli kupata nguvu, gramu 3 hadi 5 kila siku. Husaidia kwa anayenyanyua uzito. Mwenye maradhi ya figo asiiguse kabla ya kumwona daktari. Vitamini D humfaa zaidi aliyepungukiwa nayo.

Basi mwache mama aanze na kiti, angalau siku mbili kwa wiki, karibu na ukuta awe na pa kushika. Akiweza kuinuka mara kumi bila kuhema, mpe dumu la lita moja alikumbatie. Usimpokonye ukimwona anatokwa jasho.