Jibu: Kiolezo cha kuanzia mradi wa Express

Ndugu, umeuliza kama upakue kiolezo cha Express (fremu ya kujengea seva za wavuti kwa Node.js) kilichosheheni kila kitu au ujitengenezee chako. Jitengenezee. Cha kupakua huja na pakeji lukuki usizozijua, na kikigoma utabaki unahangaika na msimbo wa mtu mwingine.

Kwenye folda tupu andika `npm init -y`, kisha `npm install express`. Ndani ya package.json weka `"type": "module"` ili utumie `import`.

Hapa sasa tulia kidogo. Tenganisha faili mbili: app.js iunde programu na kupanga njia zake (routes, yaani anwani inazojibu), server.js iichukue na kuita `app.listen`. Wengi hurundika vyote pamoja, halafu wakianza kuandika majaribio, kila jaribio linataka poti 3000 ambayo seva imeshaikalia.

Nywila ya hifadhidata ikae kwenye faili ya siri iitwayo .env. Andika .env na node_modules (folda ya pakeji) kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git itaviruka, kabla hujahifadhi chochote kwenye Git. Nywila ikishaingia kwenye historia, kufuta faili peke yake hakusaidii. Wala huhitaji nodemon (ya kuwasha seva upya ukibadilisha msimbo) na dotenv (ya kusoma .env), Node 22 inajitosheleza:

`node --watch --env-file=.env server.js`

Mwisho wa app.js, baada ya njia zote, weka kishika makosa chenye vigezo vinne: `(err, req, res, next)`. Vikiwa vitatu, Express haitakitambua. Ukitumia Express 5, makosa ya kazi za `async` yatafika hapo yenyewe. Express 4 ilikulazimu uyapeleke kwa `next`.

TypeScript (JavaScript yenye aina za data) na Docker (ya kufungasha programu)? Ngoja kwanza njia mbili tatu zifanye kazi.