Wasichana wa Sketi Ndefu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Katika katuni za Kijapani anazotazama binti yangu wapo wasichana wakorofi wenye sare za shule, na sketi zao zinaburura hadi kwenye vifundo vya miguu. Je, walikuwepo kweli?
Mama Asha, Temeke

JIBU: Marahaba, Mama Asha. Walikuwepo. Wajapani waliwaita sukeban, yaani bosi wa kike, na magenge yao yalishamiri katika miaka ya 1970, wakati magenge ya wavulana wa shule yalikuwa hayataki kuwapokea wasichana.

Sketi hiyo ndiyo inayonivutia zaidi. Wakati huo sketi fupi ndizo zilizokuwa fasheni, nao wakarefusha za kwao makusudi, wakaikata fupi blauzi yenye kola ya baharia na kuficha wembe au mnyororo ndani ya mavazi. Sisi tuliozoea mwalimu kupima sketi getini kwa kuwa ni fupi mno, tunaweza kushangaa kwamba urefu nao ulikuwa uasi. Kwangu mimi ni ujasiri wa kukataa mwili wao kugeuzwa pambo la watu.

Ukatili wao ulikuwa wa kweli, na siutetei. Sinema ziliwachukua mapema, kisha mwaka 1985 televisheni ikaonyesha Sukeban Deka, kisa cha msichana mkorofi anayefanywa mpelelezi, ambaye silaha yake ni yoyo yenye nembo ya polisi ndani. Wasichana anaowaona binti yako wametoka katika ukoo huo.